Isale Lililoletwa Ziwani

Kwetu mtu hatembei bure. Unatembea kwa sababu unakwenda sokoni, au msibani, au ng'ombe amepotea, au umeitwa na mkubwa. Kwa hiyo siku yule Mzungu mwenye duka la mahema pale mjini Arusha aliponiambia kwamba bwana mmoja na mkewe wanatoka Uingereza kuja kutembea kwa miguu siku kumi na sita, wauzunguke mlima Meru na maziwa yake, kisha warudi palepale walipoanzia, nilimwuliza wamepoteza nini. Alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akanipa karatasi.

Karatasi hiyo ninayo hadi leo. Yule bwana alikuwa ameipanga safari yote akiwa kwao, kabla hajauona mlima, kila siku na mstari wake: wapi tunaanza, wapi tunakunywa chai, wapi tunalala. Karani wa dukani aliigeuza kwa Kiswahili na kuipiga mashine ili nami niisome, maana shule ya misheni nilikuwa nimeipitia kidogo. Imekunjwa na kukunjuliwa hata imetoboka kwenye mikunjo. Mke wangu aliwahi kutaka kuitia motoni, nikamshika mkono kwa nguvu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla wala baada ya siku hiyo.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, vita vya Hitler vimekwisha si zamani, sabuni na sukari bado ni vitu vya kutafuta. Nilikuwa na miaka thelathini hivi, nina mke na binti mdogo, nakaa chumba cha kupanga Sokon, kando ya mji wa Arusha, na kazi yangu ilikuwa kuwaongoza Wazungu porini na kuwasimamia wapagazi wao. Waliniita mnyapara. Lakini Mmeru mwenye kihamba hakai chumba cha kupanga, kwa hiyo sina budi kueleza kwanza nilifikaje pale.

Kihamba cha baba yangu, yaani shamba letu la migomba na kahawa pamoja na nyumba, kilikuwa juu ya Kikatiti, mwendo wa saa moja kupanda. Kwetu mpaka wa shamba hauwekwi kwa mawe wala waya. Unapandwa masale, ile mimea yenye majani marefu membamba ambayo haikauki hata kiangazi, na mahali yalipo masale hapana mjadala. Nilipooa, baba alinionyesha sehemu ya chini, nikapanda kahawa kwa mikono yangu. Mwaka wa tatu, kahawa inaanza kuzaa, nikarudi kutoka safari moja ya kazi nikakuta mstari wa masale umesogezwa hatua ishirini ndani. Mdogo wangu alikuwa anaoa. Baba alikuwa amemkatia kipande, na kipande kile kilikuwa na kahawa yangu.

Angeniuliza, ningetoa. Nimejiambia hivyo kwa miaka mingi na sasa sina hakika tena. Lakini hakuniuliza. Nilikwenda kwenye ule mstari mchana kweupe, baba akiwa amekaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu pamoja na wazee wawili, nikang'oa isale moja baada ya jingine mpaka la mwisho, nikayabeba kama mzigo wa kuni na kuyatupa miguuni pake. Kwetu kung'oa masale ya mpaka si ugomvi, ni kujitafutia laana. Kama hiyo haikutosha, nikafungua mdomo. Nilimwambia nitarudi pale siku atakapolala chini ya udongo huo anaoupenda kuliko mimi.

Wazee wale waliinamisha vichwa. Baba hakupandisha sauti. Alisema tu, "Njia ya kurudi unaijua."

Kweli nilikuwa naijua, kila mtoto wa kwetu anaijua. Aliyekosa hukata jani la isale, hulipiga fundo katikati, hulituma kwa mkono wa mtu mzima wa ukoo, lifike kwa aliyekosewa. Kwa desturi ya nyumba yetu mchukuzi wa isale haketi, hali, hanywi maji, wala haelezi kitu, kwa sababu jani lenyewe ndilo neno. Hulitia mkononi mwa mtu na kugeuka. Aliyepelekewa hawezi kukataa, hata kama aliuliwa ndugu. Hulishika jani lile akaenda nalo kwa aliyemtumia, wakanywa pombe kwenye kibuyu kimoja, na neno limekwisha. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kupigiwa mfano, lakini isale hakuliacha. Mchungaji alipomsema, alimjibu kwamba aliyeliotesha ni Mungu yuleyule.

Mdogo ndiye anayempelekea mkubwa. Sikuwahi kusikia mzee amepeleka isale kwa mtoto wake.

Miaka mitatu sikukata. Masale yamejaa kila mahali Meru, nilikuwa nayapita mamia kwa siku, na kisu nilikuwa nacho kiunoni. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyeonewa, na hicho ndicho kiburi kigumu kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake mna haki kidogo. Wanasema hasira hasara. Mimi hasara niliiona mapema, nikawa naitunza.

Basi safari ikaanza. Bwana alikuwa mrefu, masikio mekundu, na alikuwa na saa ya mfukoni aliyoiheshimu kuliko jua. Ikifika saa nne asubuhi tunakunywa chai, hata kama mvua inanyesha ndani ya vikombe. Bibi alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizobanwa nyuma na sketi yenye mifuko mingi, na ugonjwa wake ulikuwa majani. Alikuwa na mbao mbili zenye karatasi nyingi katikati, zinakazwa kwa mikanda. Kila jani na kila ua alilolipata alililaza humo, na baada ya siku saba, likishakauka, alilitoa, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni jina lake na kazi yake, akaandika. Alisema yatakwenda kukaa kwao katika nyumba kubwa ya majani makavu, yasioze. Wapagazi walisema huko kwao lazima kuna njaa ya mboga.

Nilimpenda bibi yule. Nasema hivyo ili nisieleweke vibaya. Alikuwa akimsikiliza mtu mpaka mwisho, jambo ambalo Wazungu wachache walilijua siku hizo, na mimi nilitaka kumfurahisha. Kila tulipolala niliwatangazia watu: mwenye jani geni alete kambini, aseme ni la mnyapara, atapata kipande cha sabuni. Kuanzia ziwa Duluti watu wakaanza kumiminika. Wengine walileta matembele. Nikachoka kuitwa kila saa, ndipo nikampa amri mpishi wetu, mtu wa Tabora, mpole, aliyekuwa akinitania kuanzia asubuhi hadi jioni.

"Jani lolote likija kwa jina langu, ni la bibi," nilimwambia. "Usinisubiri. Mpelekee mwenyewe."

"Hata likiwa la mchumba wako?"

"Hata likiwa la mchumba wangu."

Siku ya nne tukawa Kikatiti, na ilikuwa siku ya soko. Nilisimama katikati ya wauza ndizi nikatangaza habari ya majani kwa sauti kubwa, na ninajua sasa kwamba sauti ile nilikuwa naitupa juu, kwenye migomba. Mwanamke mmoja jirani yetu alinijongelea na kikapu chake. Tulisalimiana. Akasema, "Baba yako anakohoa tangu masika." Nilimjibu, "Mwambieni anywe asali." Aliniangalia kidogo, akaenda zake.

Bibi alikuwa ametazama juu, mahali moshi ulipokuwa unatoka katikati ya migomba. Akaniuliza kama kwetu ni karibu na hapo.

"Hapana, bibi. Kwetu ni mbali," nilisema.

Mpishi alingoja bibi apite. "Mnyapara, si uliniambia kwenu ni pale juu?"

"Nilikudanganya."

"Haya," akasema. "Na leo unamdanganya nani?"

Kesho yake tulipanda kwa njia ya upande wa pili, nikapakwepa nyumbani kwa makusudi. Siku ya sita tukafika kwenye maziwa ya Momela, na hapo karatasi ya bwana ilitupa siku tano. Ni maziwa mengi madogo, kila moja na rangi yake, maji yake ya magadi hayanyweki, na ndege wekundu wenye miguu mirefu wamesimama humo kwa maelfu. Nyati walikuwa wanakuja kutuangalia asubuhi kama majirani wenye umbeya. Kutoka pale mpaka kwa baba, mtu mwenye miguu mizuri akitoka alfajiri anafika kabla ya saa tano. Niliijua njia ile tangu utoto, tulikuwa tukipita huko kutafuta magadi ya ng'ombe.

Siku ya saba bwana alitaka kula chakula cha mchana kwenye ukingo wa shimo la Ngurdoto, na alitaka kukila mezani. Kwa hiyo wapagazi wote walikwenda nasi, mmoja na meza, wengine na viti, mwingine na kitambaa cheupe mikononi kisichafuke. Kambini alibaki mpishi peke yake, anaoka mkate. Wameru na Waarusha wote waliokuwa katika safari ile walikuwa nami juu ya lile shimo, tunamtazama bwana anakata nyama kwa kisu na uma huku faru anapita chini yake bila kujua. Tulicheka sana siku ile. Wapagazi waliiga namna ya bwana ya kufuta midomo mpaka ikawa mchezo wetu njia nzima ya kurudi.

Tulipofika kambini jioni, mpishi akaniambia, "Leo kaja mzee mmoja tu. Kaleta jani refu, lako. Nimeshampa bibi. Nilimkaribisha chai na kumpa sabuni, vyote akakataa."

"Vizuri," nikasema.

Sikuuliza mzee gani. Kwa nini niulize? Karibu majani mia yalikuwa yameshaletwa, na mtu mzima wa kwetu anaweza kukataa chai ya mgeni kwa sababu zake. Nilikula mkate wa moto na kulala.

Siku tatu zaidi tulikaa pale. Halafu tukaenda kaskazini, Ngare Nanyuki, tukauzunguka mlima kwa nyuma kwenye nyasi kavu, na siku ya kumi na nne tulikuwa upande wa Oldonyo Sambu. Alasiri ile bibi alifungua mbao zake, akaniketisha mbele yake kama mwanafunzi. Majani ya ziwani yalikuwa yametimiza siku zake. Alitoa moja moja, nami nikasema: hili ni la tumbo, hili mbuzi hawali, hili wanawake wanafukizia vibuyu vya maziwa. Kisha akatoa isale.

Lilikuwa limekauka vizuri, kijani chake hakijaisha. Katikati lilikuwa na alama ya kukunjika, imepita kama kovu. Nililishika ncha. Nilimwambia bibi asamehe, hawa watu wana mikono mibaya, wanakunja vitu mfukoni.

"Halikuwa limekunjwa," alisema bibi. "Lilikuwa na fundo dogo. Nimelifungua ili lilale sawa."

Naomba msomaji anisikilize hapa, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshindwa kujisikiliza. Aliniambia fundo. Neno hilo liliingia sikioni mwangu na kupita. Nilidhani ni mtoto fulani amelichezea, au mtu amelifunga lisipotee kwenye mzigo. Kwamba isale lenye fundo ni lililotumwa, nililijua kama kila mtu. Kwamba limetumwa kwangu, hilo halikuwa na mlango wa kuingilia kichwani mwangu, kwa sababu duniani alikuwapo mtu mmoja tu aliyekuwa na neno nami, na yeye alikuwa baba, na baba hapeleki isale kwa mtoto.

Bibi akaniuliza kazi yake. Nilikuwa na furaha siku ile, safari inakaribia kwisha, nikamweleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote. Nikamwambia habari ya mpaka, habari ya fundo, habari ya mchukuzi asiyekunywa maji. Aliacha kuandika akaniangalia.

"Na mtu akikataa?"

"Hakuna anayekataa, bibi. Labda awe si mtu."

Akaandika na hilo. Nikamrudishia jani, akalilaza kwenye karatasi yake na kulifunika.

Siku ya kumi na sita tukaingia Arusha. Saa sita mchana bwana na bibi walipanda gari la kwenda Nairobi, ambako ndiko wangepata ndege. Bibi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mbao zake nilizifunga mwenyewe juu ya gari, nikavuta kamba mara mbili nione kama zimekaza.

Nikatembea mpaka Sokon. Mke wangu alikuwa amekaa kizingitini na kichwa kimenyolewa. Binti yetu amekaa karibu yake, naye kanyolewa.

"Nani?" nikamwuliza.

"Unaniuliza mimi nani," alisema. Hakusimama. "Tumemzika baba yako. Leo siku ya tatu."

Nilisema kitu gani sikumbuki. Nakumbuka nilimlaumu kwa nini hawakunifuata, watu wote walijua niko mlimani, njia zinajulikana.

"Nani angekufuata, baba watoto? Umepelekewa isale, ukalipokea, ukakaa."

"Isale lipi?"

"Usinitanie. Siku ya leo usinitanie."

"Isale lipi?"

Ndipo akanitazama usoni, na nafikiri aliona, maana sauti yake ilibadilika. Akaniambia polepole, kama anayemwambia mgonjwa, kwamba baba mdogo wangu, mdogo wake baba, alilichukua kwa miguu yake mpaka ziwani na kulitia mkononi mwa mtu wa safari yetu. Alirudi akasema limepokelewa kwa mikono miwili.

Nilikaa chini, pale pale njiani. Kisha nikasimama nikakimbia kwenye barabara ya Nairobi. Gari lilikuwa limeondoka saa tatu zilizopita na nilikuwa naijua kasi ya gari, lakini nilikimbia mpaka nyumba za mji zikaisha, na watu waliokuwa wanarudi kutoka kazini walinipisha.

Nilirudi nikaenda kwa mpishi. Nilikwenda kwa ugomvi, siwezi kuficha. Alikuwa anaosha sufuria zake. Nikamwuliza yule mzee wa ziwani alisema nini.

"Alisema, 'La mnyapara.' Basi. Kiswahili hakikuwa kingi. Nikalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, maana ni mtu mzima." Aliona uso wangu. "Si ulisema mwenyewe? Jani lolote likija kwa jina lako."

Nilimweleza lilikuwa jani gani. Alivua kofia yake akaishika kifuani. Akasema, "Kesho nitakwenda nawe. Waniulize mimi." Sikumwomba. Mpaka leo simlaumu mtu yule, na akija mjini hulala kwangu.

Kesho yake tulipanda Kikatiti wawili. Kaburi lilikuwa chini ya migomba, udongo wake bado umeinuka, na lilikuwa sehemu ya chini, karibu na kahawa. Nilikuwa nimesema nitarudi siku atakapolala chini ya udongo ule. Sijui kama Mungu husikiliza maneno ya wajinga, lakini hayo yalikuwa yametimia hadi neno la mwisho. Nililia kwa sauti kama mtoto, na sikuona haya.

Mdogo wangu aligeuza uso, akaingia ndani. Baba mdogo alikuwa uani. Nilimwamkia shikamoo, hakuitika. Mpishi akasimama mbele yake, kofia mkononi, akaeleza habari yote kwa Kiswahili cha polepole, nami nikaigeuza kwa Kimeru: bibi, mbao, sabuni, amri yangu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kuyatafsiri maneno yanayonihukumu na kunitetea kwa wakati mmoja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini.

"Tulidhani umelikanyaga," alisema.

Akatueleza. Yule mwanamke jirani alirudi kutoka sokoni akamwambia baba kwamba mwanao amepita hapa chini na Wazungu, anazunguka nchi nzima anatafuta majani. Baba alikuwa mgonjwa kitandani. Aliuliza, "Majani?" Akaambiwa ndiyo, majani, na anayeleta anapewa sabuni. Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika, wakadhani anakwenda. Alipopata pumzi akasema, "Kama anatafuta majani, mpelekeeni na hili." Aliamka mwenyewe, akatoka nje kwa fimbo, akalikata kwenye shina moja lililochipua tena katika mpaka uleule na kulipiga fundo kwa mkono wake. Baba mdogo alimkataza. Alimwambia mzee hapeleki isale kwa mtoto, ukoo utatucheka. Baba akasema, "Nilisogeza mpaka bila kumwuliza. Aliyekosa kwanza ni nani?"

Miaka mitatu nilikuwa nimetaka kusikia neno hilo moja. Nililisikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mwaka ule ule nilipanda masale mapya kwenye mstari. Sikuyapanda pale yalipokuwa zamani, niliyapanda pale baba alipoyasogeza, hatua ishirini ndani, na mdogo wangu akanishikia kamba. Tumekaa naye vizuri mpaka uzee huu. Juu ya kaburi niliweka isale lenye fundo, na kila mwaka naweka jingine, ingawa najua kaburi halina mkono wa kupokea. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu mimi alizaliwa siku ile na bado namlea.

Lakini kuna jambo moja ambalo baba mdogo alilisema mwishoni, nilipokuwa nimekwisha kuaga. Nilimwuliza kama baba alinilaani. Akasema hapana. Alisema siku isale lile lilipopelekwa, baba aliagiza pombe ipikwe na kiti chake kiwekwe getini. Akakaa pale na blanketi mabegani, anaangalia njia. Siku ya pili akakaa, akimwuliza kila apitaye. Siku ya tatu akakaa, akasema labda Mzungu amemnyima ruhusa, Wazungu wana saa zao. Siku ya nne alikaa mpaka mchana. Kisha akasema, "Ingizeni kiti." Hakuuliza tena habari zangu, na siku mbili baadaye akafa.

Niliporudi Sokon niliitoa karatasi ya bwana, nikahesabu kwa kidole kuanzia siku ya saba. Siku ya nne ya baba ni siku ya kumi ya bwana. Kila mstari wa karatasi ile una maneno mengi, wapi chai, wapi kulala, isipokuwa mstari huo. Siku ya kumi imeandikwa neno moja, Mapumziko. Naikumbuka. Hatukuwa na kazi yoyote. Nilifua shati langu, nikalianika juu ya kichaka, nikakaa kando ya ziwa asubuhi nzima nikilingoja likauke.